Choo kinavuja usiku kucha: mwongozo kamili wa kukitengeneza mwenyewe katika nyumba za Goma

Kila wiki naitwa kwenye nyumba ambayo mpira wa choo, ule unaozuia maji ndani ya tangi, umeshabadilishwa, mara nyingine zaidi ya mara moja. Mwezi uliopita, mtaa wa Himbi, mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni na mfuko mkononi. "Fundi, jionee mwenyewe. Mipira mitatu, yote nimenunua mwaka huu, na maji yanaenda tu." Nikaitoa mmoja mmoja. Ilikuwa mizima. Nikaingiza mkono ndani ya tangi la choo, nikapitisha kidole pale mpira unapokaa, kidole kikakwama kwenye ukoko mgumu, mkavu, kama ganda la yai.

Ukoko ule ni chokaa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa Goma inapandishwa kutoka Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yana madini mengi, hasa magneziamu, yanayoacha ukoko huo. Chungulia ndani ya birika lako la chai, utauona weupe wake. Sasa maji yakikatika, tunavuta yale ya mwisho, tangi linabaki tupu siku mbili tatu, chokaa inakaukia juu ya kila kitu kilichomo. Maji yakirudi, mpira haulali sawasawa tena. Unaweka mpira mpya juu ya chokaa ya zamani, na huo nao unavuja.

Kwa hiyo usianzie dukani. Tafuta kwanza maji yanapopitia, safisha, kisha ndipo ujue kama kuna cha kununua. Nyumba nyingi ninazoingia hazikuhitaji kununua kitu.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Ndoo moja tupu, na bido (dumu) moja ya lita 20 iliyojaa maji. Choo kitakuwa kimefungwa kwa saa mbili au tatu, au zaidi chokaa ikiwa nyingi, na watu wa nyumbani hawatasubiri.
- Siki nyeupe, nusu lita. Ukikosa, kamua ndimu au malimau kama kumi.
- Mswaki wa zamani, sponji laini na vitambaa vikavu viwili.
- Bisibisi moja bapa na moja ya msalaba.
- Kle molete, ile spana ambayo mdomo wake unapanuka na kubana.
- Utepe wa tefloni.
- Kipande cha msasa laini, namba 400 au zaidi.
- Kahawa nyeusi iliyokolea, nusu glasi. Ni ya kumwaga ndani ya tangi, si ya kunywa.
- Kalamu ya risasi, karatasi za chooni, tochi, glavu za mpira na sabuni.

Mpira mpya na floteri mpya (kile kifaa chenye boya kinachofunga maji tangi likijaa) usinunue bado.

## Maonyo mawili ambayo sitayafupisha

La kwanza ni javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia na kuua vijidudu. Usichanganye kamwe javeli na siki, wala ndimu, wala dawa yoyote kali ya kuondoa chokaa. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na chumba cha choo ni kidogo, dirisha lake ni dogo zaidi. Gesi hiyo inachoma macho na mapafu. Kama jana mtu alimwaga javeli, vuta maji mara mbili, fungua dirisha na mlango, kisha ndipo uanze na siki.

La pili ni uchafu. Maji ya ndani ya tangi ni safi kama ya bomba, hayana shida. Maji ya kwenye bakuli na yale yanayotoka chini ya mguu wa choo ni ya kinyesi. Hapa Goma hatuhitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Vaa glavu, zuia watoto wasiingie, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa hata mpini wa mlango.

## Hatua ya 1: Mfahamu mvujo wako

Choo kinaweza kuvuja mahali patano, na kila mahali pana dawa yake. Watu wanashindwa kwa sababu wanatibu sehemu moja huku ugonjwa uko kwingine.

Subiri tangi lijae. Funga robine (koki) ndogo iliyo ukutani, ile inayolisha tangi. Ondoa kifuniko, na kwa kalamu ya risasi chora mstari ndani ya tangi mahali maji yalipoishia. Mwaga kahawa humo taratibu. Kausha nje ya tangi, nati za chini yake na mguu wa choo, kisha tandika karatasi za chooni kavu sakafuni kuzunguka mguu. Ondoka. Mtu yeyote asivute maji kwa nusu saa.

Ukirudi, soma hivi:

Maji yameshuka chini ya mstari, na bakuli lina rangi ya kahawa. Mpira wa katikati hauzibi. Nenda hatua ya 3 na ya 4.

Maji hayakushuka, lakini ukifungua robine tena yanaendelea kuingia bila kukoma. Floteri haifungi. Nenda hatua ya 5.

Maji yameshuka, bakuli halina rangi, chini ya tangi pamelowa. Tatizo ni bolti au mpira mnene ulio kati ya tangi na bakuli. Hatua ya 7.

Tangi liko sawa, ila nati ya bomba la kuingizia inadondosha. Hatua ya 6, kazi ya dakika kumi.

Karatasi za sakafuni zinabaki kavu nusu saa nzima, na zinalowa pale tu unapovuta maji. Ni mguu wa choo. Hatua ya 8, na isome yote kabla ya kugusa kitu.

Mambo mawili yanaweza kutokea pamoja. Kama mpira unavuja na floteri pia haifungi, anza na mpira.

### Pima pia unapoteza kiasi gani

Umeshachora mstari, basi upime. Tangi ambalo ndani lina sentimita 35 kwa 15, maji yakishuka sentimita 2 yamepotea kama lita moja. Ikiwa hiyo ni nusu saa, kwa siku nzima ni lita 50: bido mbili na nusu. Ninyi mnaonunua maji kwa bido, yaliyosukumwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, hadi mlangoni, hesabu hiyo mnaielewa kuliko mimi. Na maji hayo yote yanaingia kwenye fosi (shimo la maji machafu), ambayo kuichimba kwenye jiwe la lava kila mtu anajua kulimgharimu nini.

## Hatua ya 2: Funga maji, na uhakikishe yamefungika

Zungusha robine ya ukutani kuelekea kulia hadi ikome. Vuta maji. Kama tangi halijazi tena, umefaulu.

Robine ambayo haijaguswa miaka mitano huwa imeganda. Usiibane kwa koleo na kuilazimisha, kwa sababu ikikatika ndani ya ukuta utavunja karo (vigae) za ukuta. Ifunge kitambaa kilicholowa siki, ngoja saa moja, kisha ipeleke kulia na kushoto kidogo kidogo. Ikikataa, funga robine kuu karibu na mita, au ile ya tangi la juu ya nyumba.

Usifanye kazi hii kwa kutegemea kwamba "leo hakuna maji". Nimeona sebule imejaa maji kwa sababu mtu alifungua bomba mchana, likawa kavu, akaliacha hivyo akalala. Mtaani kwao maji huja saa nane za usiku. Hata bomba likiwa kavu, funga robine.

## Hatua ya 3: Jaribu kitufe kwanza

Hii ni hatua fupi ambayo karibu kila mtu anairuka.

Vyoo vingi vinavyouzwa sasa vina kitufe juu ya kifuniko, na chini ya kitufe kuna kijiti kimoja au viwili vinavyosukuma mekanizimu, kile chombo cha katikati ya tangi kinachoachilia maji. Kijiti kikiwa kirefu kupita kiasi, kifuniko kikiwekwa kinakandamiza mekanizimu muda wote, na mpira hauwezi kushuka hadi chini.

Fungua robine, jaza tangi kifuniko kikiwa pembeni. Sikiliza. Kama kuvuja kumekoma bila kifuniko na kunaanza tena ukikirudisha, mpira wako hauna kosa. Zungusha kijiti kukifupisha, milimita mbili kwa mara moja, hadi kitufe kiwe na mchezo kidogo kabla ya kukutana na mekanizimu.

Kwa choo cha zamani chenye mkono wa pembeni na mnyororo, angalia mnyororo. Ukiwa umekaza, unainua mpira. Ukiwa mrefu mno, unaingia chini ya mpira. Uache ulegee kama sentimita moja.

## Hatua ya 4: Safisha mdomo kabla ya kufikiria mpira

Hapa usiwe na haraka.

Funga robine, vuta maji yote, nyonya yaliyobaki kwa sponji. Kifuniko kilaze juu ya taulo mahali ambapo hakitakanyagwa. Kauri ikipasuka haina dawa.

Shika mekanizimu kwa kiganja chote, izungushe robo ya mzunguko kuelekea kushoto, uivute juu. Aina nyingine zina vishikizo viwili vya plastiki pembeni: vibane kwa vidole ndipo uvute. Ikigoma, usitumie nguvu. Mwagia siki kwenye shina lake, ngoja nusu saa. Chokaa ndiyo iliyoishika.

Chini ya mekanizimu utaona mpira wa duara, bapa kama bangili. Kabla ya kuutoa, uangalie chini ya tochi. Uso wake wa chini una mstari wa duara, alama ya pale unapokandamizwa juu ya mdomo wa tangi, yaani tundu la chini maji yanapotokea. Mstari huo ufuate polepole. Ukiwa sawa pande zote, mpira ulikuwa unalala vizuri. Ukikuta mahali umekatika, au umebonyea zaidi upande mmoja, hapo ndipo maji yalipokuwa yanapita. Sasa tazama mdomo wa tangi mahali hapohapo. Mara nyingi utakuta kipele cha chokaa, kidogo kama punje ya mtama.

Lowesha kitambaa kwa siki, ukizungushe juu ya mdomo, ukiache saa moja. Vikitokea vipovu vidogo, siki inakula chokaa na kazi inaendelea. Sugua kwa mswaki, suuza, rudia. Chokaa ya miaka mingi inataka mara tatu au nne. Usitumie kisu. Usitumie bisibisi. Mkwaruzo mmoja kwenye mdomo wa plastiki ni njia mpya ya maji, na huo siki haiutoi.

Kipimo changu cha usafi ni kidole. Fumba macho, pitisha ncha ya kidole kuzunguka mdomo wote. Uuhisi laini kama ukingo wa glasi. Macho yanadanganyika, hasa ndani ya tangi lenye giza, lakini ngozi ya kidole inakamata hata punje moja ya mchanga. Ukigusa mkwaruzo mdogo, tumia msasa laini uliolowa maji, ukizunguka mdomo wote kwa mkono mwepesi. Usisugue mahali pamoja tu, utachimba bonde.

Sasa mpira wenyewe. Ukunje. Mpira mzima unarudi ulivyokuwa. Ukiwa mgumu kama ngozi kavu, au unaacha weusi kwenye vidole, au umevimba na kupindapinda, kazi yake imekwisha. Ukiwa bado laini lakini una alama upande mmoja, usuuze kwa sabuni na uugeuze: upande wa juu uende chini. Utakupa miezi kadhaa.

Ukienda kununua, nenda na wa zamani mfukoni. Usiseme tu "nataka mpira wa choo", maana kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za mtaa wa Birere zina aina nyingi na tofauti ya milimita tatu inatosha kuharibu safari. Uweke mpya juu ya wa zamani: duara la nje lilingane, la ndani lilingane, unene ulingane.

Mambo mawili yanaua mpira mapema. Moja ni vidonge vya javeli ambavyo watu wanavitumbukiza ndani ya tangi ili choo kinukie. Klorini inaukausha na kuupasua. Javeli imwage kwenye bakuli, usiitie kwenye tangi. Lingine ni mafuta. Usiupake vazelini wala mafuta ya kupikia ili uteleze, unavimba. Tone la sabuni linatosha.

Rudisha mpira, rudisha mekanizimu, izungushe kulia hadi usikie imeshika. Fungua robine, jaza, mwaga kahawa tena. Umefaulu kama baada ya nusu saa, robine ikiwa imefungwa, mstari wako wa risasi uko palepale na bakuli ni jeupe.

## Hatua ya 5: Floteri isiyofunga

Dalili yake ni sauti, ule mluzi mwembamba usiokoma. Maji yanapanda hadi kwenye bomba la ziada, lile lililosimama katikati ya tangi, yanamwagikia ndani yake na kwenda bakulini. Mwenye nyumba anaona bakuli linatiririka, anabadilisha mpira wa chini. Kumbe mpira hauna hatia.

Inua boya kwa mkono wako. Maji yakikoma, floteri ni nzima, imepangwa vibaya tu. Zungusha skurubu yake au telezesha boya kwenye kijiti chake lishuke kidogo. Maji yakome sentimita 2 au 3 chini ya ukingo wa bomba la ziada. Angalia pia boya haligusi ukuta wa tangi wala mekanizimu; likisuguana linakwama njiani.

Ukiinua boya na maji bado yanaingia, kichwa cha floteri kimezibwa na uchafu au chokaa. Fanya hivi:

1. Funga robine.
2. Zungusha kofia ya floteri kuelekea kushoto na uitoe. Kumbuka jinsi ilivyokaa. Ukiwa na simu, piga picha.
3. Ndani kuna kimpira chembamba chenye tundu dogo sana. Kitoe kwa vidole. Mara nyingi utakuta punje ya mchanga au kutu imelala juu yake. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa bomba likiwa kavu, yanakuja na kila kitu kilichokuwa kimetulia humo.
4. Kiloweke kwenye siki nusu saa, kisugue kwa mswaki. Tundu lake lisafishe bila kulipanua. Usiingize msumari.
5. Kabla ya kukirudisha, funika kichwa cha floteri kwa kikombe kilichopinduliwa, fungua robine sekunde tano, funga. Maji yatasukuma uchafu uliobaki. Bila kikombe yatapiga dari.
6. Rudisha vyote, fungua, jaribu.

Umefaulu kama tangi linajaa, sauti inapungua, kisha inakatika kabisa, na juu ya bomba la ziada ni pakavu.

Ikishindikana, nunua floteri mpya. Angalia uzi wake ni wa ukubwa gani: kuna wa nusu inchi na kuna wa 3/8, na hauoani. Chukua ya zamani. Mimi nachagua ile ambayo kofia yake inafunguka kwa mkono, hata kama bei yake imezidi kidogo. Kwa maji haya ya ziwa utaifungua tena baada ya miezi sita kuisafisha, na ile iliyobanwa kiwandani huwezi.

### Kama choo kinalishwa na tangi la juu ya nyumba

Hili linawasumbua wengi katika mitaa ya Katindo na Keshero, kwenye nyumba zilizowekewa tangi kubwa kwa ajili ya siku za ukame wa bomba. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa bari 1 ya msukumo. Tangi lako likiwa mita 2 tu juu ya choo, una bari 0.2. Floteri nyingi zimetengenezwa kwa maji ya mji yenye nguvu, na zile za kimpira chembamba zinahitaji msukumo huo huo ili zifunge. Kwa maji mepesi zinafunga kivivu, au hazifungi.

Ndani ya mguu wa floteri mpya mara nyingi kuna kiplastiki kidogo kinachobana maji yasiingie kwa nguvu. Kwa tangi la juu, kitoe, choo kijae haraka. Kwa maji ya moja kwa moja kutoka mtaani, kiache. Na kama floteri bado inalegalega, uliza ya boya kubwa lenye mkono mrefu, ile ya kizamani. Inafunga kwa nguvu ya boya linapoinuliwa na maji, haingoji msukumo wa bomba.

## Hatua ya 6: Bomba la kuingizia maji

Funga robine, fungua nati, tazama ndani. Bomba laini lililosukwa kwa waya lina mpira wake mwishoni, na huo ndio unaozuia maji. Ukiwa umepasuka, badilisha mpira, au bomba zima kama waya zimeanza kutu. Tefloni hapo haisaidii.

Mahali pa tefloni ni pale chuma kinapoingia kwenye chuma, upande wa ukuta. Zungusha utepe mara 8 hadi 12, ukifuata upande nati inapokazia. Ukiuzungusha kinyume, utajikunja wakati wa kukaza.

Kaza kwa mkono hadi ikome, kisha robo ya mzunguko kwa kle. Upande wa tangi shika floteri kwa ndani isigeuke. Zungushia karatasi kavu: ikibaki kavu baada ya saa moja, imekwisha.

Kabla ya kuunganisha floteri mpya, elekeza bomba kwenye ndoo na uachilie maji lita mbili tatu. Hujaona uchafu hadi umeona ndoo hiyo.

## Hatua ya 7: Kati ya tangi na bakuli

Toa maji yote kwa sponji, fungua bomba la kuingizia, kisha nati mbili za chini ya tangi. Zikiwa na kutu, zipake mafuta ya kulegeza kutu kwa uangalifu, yasiguse mipira. Inua tangi wima, watu wawili, uliweke juu ya taulo.

Badilisha mpira mnene wa katikati na mipira midogo ya bolti, yote kwa pamoja. Kubadilisha mmoja tu ni kujipa kazi ya wiki ijayo. Safisha kauri pande zote mbili.

Unaporudisha, kaza nati ya kulia mzunguko mmoja, ya kushoto mzunguko mmoja, ukibadilishana. Usimalize upande mmoja kwanza. Tangi likisimama bila kutikisika na nafasi kati yake na bakuli iko sawa kushoto na kulia, acha. Hapo watu huongeza "kidogo tena", na ndipo unaposikia mlio wa kauri inapopasuka. Jaza nusu ya tangi kwanza, angalia, ndipo ujaze lote.

## Hatua ya 8: Maji yanatoka mguuni

Usipake saruji. Nasema hivi kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza ninayoikuta: mtu ameona maji, akazungushia mguu wa choo saruji, kwa wiki mbili hajaona kitu. Maji hayakukoma. Yalibadilisha njia, yakaingia chini ya karo, yakaenda ukutani au kwa wanaoishi ghorofa ya chini.

Kwanza angalia kama choo kinacheza. Kaa juu yake, yumba kidogo. Kikitikisika, kaza skurubu za mguu kwa zamu, kwa upole, kisha ujaribu tena kwa karatasi kavu.

Kama hakichezi, tazama nyuma. Vyoo vinavyotolea maji nyuma vina mkono wa mpira unaounganisha kauri na bomba la plastiki la milimita 100 au 110. Mpira huo ukipasuka au ukiteleza, maji yanatoka kila unapovuta. Vaa glavu, toa maji ya bakuli kwa kopo, fungua skurubu za mguu, vuta choo mbele sentimita 20. Ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, maana harufu ya fosi itapanda na skurubu zitaangukia humo. Safisha kauri na bomba hadi vikauke, paka sabuni ya maji ndani ya mkono mpya, usukume choo kwa unyoofu. Usisahau kutoa kile kitambaa.

Ukimaliza, osha sakafu kwa javeli iliyopimwa kama chupa yake inavyoelekeza, na hakikisha hakuna siki iliyobaki sakafuni.

Kuna hali mbili ambazo nakuomba umwite fundi: choo kinachotolea maji chini, ndani ya sakafu, na bakuli lenyewe likiwa na ufa. Ufa haugundishwi. Gundi inashika mwezi, kisha inaachia siku ambayo hupo nyumbani.

## Hatua ya 9: Jaribio la usiku

Jaribio la mchana halitoshi, kwa sababu msukumo wa maji hapa haufanani saa zote. Usiku watu wamelala, robine zimefungwa, bomba linasukuma kwa nguvu zaidi, na floteri iliyofunga vizuri saa kumi alasiri inaweza kuachia saa tisa usiku.

Kabla ya kulala jaza tangi, chora mstari mpya wa risasi, tandika karatasi kavu sakafuni, na robine iache wazi. Aliyeamka usiku avute maji ya bido badala ya kubonyeza kitufe: nusu ya bido ikimwagwa kwa mkupuo inatosha.

Asubuhi angalia vitu vitatu. Karatasi ziwe kavu. Maji yawe palepale kwenye mstari, hayajapanda wala kushuka. Na ukuta wa nyuma wa bakuli, juu ya maji, ukiupangusa kwa karatasi na kungoja dakika tano, ubaki mkavu. Kisha rudia jaribio hilihili siku ya kwanza maji yatakaporudi baada ya kukatika, kwa sababu ndiyo siku mchanga unapoingia kwenye floteri.